Mpangaji Mzuri Hutafutwa Kabla ya Kupeana Funguo

Chumba kikikaa kitupu wiki mbili, mwenye nyumba huanza kuhangaika. Mkopo wa chama au wa SACCO unasubiri, keyateka anapiga simu kuuliza mshahara wake, na kila anayekuja kuangalia nyumba anasema "nitarudi." Hapo akitokea mtu mwenye nusu ya dipositi na hadithi tamu, anapewa funguo siku hiyo hiyo. Miezi mitatu baadaye, landilodi huyo huyo anazunguka kwa chifu akiuliza jinsi ya kumtoa.

Katika somo hili tutaona jinsi ya kumjua mpangaji kabla hajaingia, hatua kwa hatua. Limeandikiwa mwenye nyumba mdogo: mwenye ploti ya vyumba sita au kumi, mwenye nyumba moja aliyoachiwa na wazazi, au aliyejenga bedsita chache nyuma ya boma.

Anza na hesabu

Tuseme una bedsita ya shilingi 8,000 kwa mwezi. Mpangaji anaingia, analipa dipositi ya 8,000 na kodi ya mwezi wa kwanza. Baadaye anaacha kulipa kwa miezi mitatu, kisha anahama usiku. Kodi uliyokosa ni 24,000. Toa dipositi, inabaki 16,000. Ongeza 5,000 ya rangi na kufuli mpya, na 4,000 ya nusu mwezi ambao chumba kinakaa kitupu tena. Umepoteza 25,000.

Kama ungengoja wiki tatu zaidi ukitafuta mtu anayefaa, ungepoteza takriban 6,000. Kungoja kunauma, lakini haraka imekugharimu zaidi ya mara nne. Weka hesabu hii akilini kila unapojiambia "heri huyu kuliko chumba kitupu."

Kumbuka pia kwamba nguvu yako kubwa iko kabla ya kupeana funguo. Wakati huo unaweza kuuliza, kuthibitisha na kukataa. Akishaingia na godoro lake, kila kitu kinakuwa polepole na ghali.

Jua watu wa mtaa wako hulipwa lini

Wenye nyumba wengi huuliza, "Unafanya kazi wapi?" Swali linalosaidia zaidi ni, "Pesa yako huingia lini na kwa njia gani?" Mtu anaweza kuwa na mshahara mzuri na bado akachelewa kila mwezi kwa sababu tarehe yako na tarehe yake hazipatani.

Angalia mifano hii:

Mlolongo na Athi River. Wengi hufanya kazi viwandani na katika eneo la EPZ, na mshahara huingia mwisho wa mwezi au siku za kwanza za mwezi unaofuata. Ukidai kodi tarehe 1, utakuwa na wachelewaji wengi ambao kwa kweli si wabaya. Sogeza hadi tarehe 5 au 7 uone tofauti.

Juja. Wapangaji wengi ni wanafunzi wa JKUAT. Pesa huja chuo kinapofunguliwa na hupungua muhula unapoelekea mwisho. Hapa mlipaji wa kweli mara nyingi ni mzazi. Zungumza naye kwa simu, mkubaliane kama atalipa kwa mwezi au kwa muhula, na nani atalipa wakati wa likizo ndefu.

Kongowea, Mombasa. Mchuuzi wa sokoni au mtu wa boda hupata pesa kila siku. Kumwambia alete 8,000 kwa mkupuo ni kumtaka aweke pesa ambazo watoto, mafuta ya pikipiki na mali ya kesho vinaziita. Ukimruhusu kulipa 2,000 kila wiki kwa simu, huenda akawa mpangaji wako bora kuliko wote.

Mtwapa na Ukunda. Wafanyakazi wa hoteli hutegemea msimu. Desemba kuna pesa. Kuanzia Aprili, mvua za masika zinaponyesha na wageni kupungua, wengine hupewa likizo bila malipo. Muulize mapema: "Kazi ikipungua, kodi utaitoa wapi?" Mwenye jibu tayari, kwa mfano biashara ndogo au akiba, ameshafikiria. Anayekasirika kwa kuulizwa pia amekupa jibu.

Kuhusu kiasi, kipimo kinachotumika sana ni kodi isizidi theluthi moja ya mapato. Kwa kodi ya 8,000, mtu awe anapata takriban 24,000 kwa mwezi. Kwa anayejiajiri, hesabu kile kinachobaki baada ya gharama za kazi. Mtu wa boda anayeshika 1,200 kwa siku na kulipa 500 ya mkopo wa pikipiki na 300 ya mafuta amebaki na 400 tu.

Andika tangazo linalochuja

Tangazo la "Nyumba ipo, piga simu" litakuletea simu mia na watu wachache wanaofaa. Andika masharti yote wazi ili asiyeyaweza ajitoe mwenyewe. Mfano:

"Bedsita Githurai 45, ghorofa ya pili. Kodi 8,000, hulipwa kufikia tarehe 5. Dipositi 8,000, hurudishwa ukihama kwa notisi ya mwezi mmoja na nyumba ikiwa sawa. Maji kwa mita, stima kwa tokeni. Utahitaji kitambulisho na nambari ya mwenye nyumba wako wa zamani. Usitume pesa kabla ya kuona nyumba. Keyateka hapokei pesa taslimu."

Sentensi mbili za mwisho zina kazi kubwa. Watu wengi wameliwa dipositi na matapeli wanaotangaza nyumba zisizo zao, kwa hiyo mtafuta nyumba makini naye anakuchunguza. Akiona utaratibu, anatulia. Mjanja akiona atahitajika kutoa nambari ya landilodi wa zamani, anatafuta ploti nyingine.

Anza kutangaza kwa wapangaji ulio nao. Waambie wale wanaolipa vizuri kwamba kuna chumba. Mtu hapendi kuleta jirani msumbufu mlangoni pake. Baada ya hapo weka bango langoni, kisha makundi ya WhatsApp na Facebook ya mtaa.

Maswali matano kabla ya kumwonyesha nyumba

Uliza kwa simu, kwa heshima, na uwaulize wote maswali hayo hayo:

1. Unataka kuingia tarehe ngapi?
2. Mtakaa watu wangapi?
3. Sasa unaishi wapi, na kwa nini unahama?
4. Pesa yako huingia kila siku, kila wiki au mwisho wa mwezi?
5. Dipositi na kodi ya kwanza ziko tayari zote?

Sikiliza swali la tatu kwa makini. "Nimepata kazi karibu na hapo" au "tumepata mtoto, chumba hakitoshi" ni sababu za kawaida. Anayesema kila landilodi aliyewahi kukaa kwake alikuwa mbaya, muulize zaidi. Na anayetaka kuingia leo usiku, bila dakika ya kuthibitisha lolote, mwambie kesho asubuhi. Mwenye shida ya kweli atakuelewa.

Thibitisha mambo manne

Kwanza, kitambulisho. Kitazame chenyewe, si picha tu. Jina lilingane na jina linaloonekana kwenye simu yake anapolipa. Kama pesa inatoka kwa mtu mwingine, uliza ni nani na uandike.

Pili, mapato. Mwenye ajira anaweza kukuonyesha barua ya kazi au karatasi ya mshahara. Anayejiajiri, tembelea anapofanyia kazi. Ukinunua nyanya kwenye kibanda chake saa kumi jioni utajifunza mengi kuliko kwa kusoma barua.

Tatu, mwenye nyumba wa zamani. Hapa wengi huchomeka. Landilodi wa sasa anaweza kumsifu mpangaji msumbufu ili amwondokee. Kwa hiyo tafuta pia yule aliyemtangulia, ambaye hana cha kupata wala kupoteza. Usimwambie unachojua. Muulize, "Alikuwa analipa ngapi? Alikaa muda gani? Ungempa nyumba tena?" Kama mpangaji alisema alilipa 6,500 na huyu "landilodi" anababaika kwenye kiasi, huenda unaongea na rafiki yake.

Nne, rekodi ya malipo. Siku hizi wengi hulipa kodi kwa simu, na kila malipo huacha alama. Mwombe mpangaji afungue stetimenti yake mbele yako, kwenye simu yake mwenyewe, akuonyeshe malipo ya kodi ya miezi sita iliyopita. Angalia tarehe. Anayelipa tarehe 4, 5, 3, 5, 6, 4 ana mazoea. Anayelipa tarehe 5, kisha 19, kisha anaruka mwezi, naye ana mazoea. Angalia pia nambari iliyopokea pesa: je, ni ile ya landilodi uliyempigia?

Tahadhari moja. Asiyekuwa na rekodi si lazima awe mtu mbaya. Kuna kijana anayetoka nyumbani kwao mara ya kwanza, na kuna mama aliyekuwa analipa pesa taslimu kwa miaka kumi. Kwa hawa, tafuta mdhamini: mzazi, mwajiri, au mwenyekiti wa chama chake. Mzee wa Nyumba Kumi wa alikotoka pia anaweza kukuambia kama aliishi na watu vizuri.

Mipaka ya kuchunguza

Kuna tofauti ya kuthibitisha na kuchokora maisha ya mtu. Usiombe PIN ya mtu yeyote, kwa sababu yoyote. Usimwombe akutumie stetimenti nzima. Malipo ya kodi yanatosha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka uchukue taarifa unazohitaji tu na uzitunze. Picha za vitambulisho vya wapangaji zisikae kwenye kundi la WhatsApp la ploti wala kwenye simu ya keyateka. Ambaye hukumpa nyumba, futa taarifa zake.

Na usichague kwa kabila, dini, ujauzito au kwa kuwa mtu hajaolewa. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi huo, hata ukifanywa na mtu binafsi. Tena hauna faida. Kabila halilipi kodi. Mtu mwenye mapato na nidhamu ndiye hulipa. Landilodi aliyempa mtu nyumba kwa kuwa "ni wetu" huona aibu hata kumdai.

Andikianeni

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha, mradi uwe na:

- majina na nambari za vitambulisho vya pande zote mbili;
- nambari ya chumba, kiasi cha kodi na tarehe ya kulipa;
- dipositi, na ni nini kitakachokatwa humo;
- nani analipa maji, stima, taka na ulinzi;
- notisi ya kuhama, kwa kawaida mwezi mmoja;
- hali ya nyumba siku ya kuingia: vioo, kufuli, sinki, swichi, rangi.

Pigeni picha za chumba mkiwa pamoja, kila mmoja abaki nazo. Siku ya kuhama hakutakuwa na mabishano kwamba "kioo nilikikuta kimevunjika."

Elezeni dipositi vizuri. Isitumike kama kodi ya mwezi wa mwisho. Nawe usiile. Iweke kando, kwa sababu siku moja utadaiwa. Ploti inayojulikana kwa kurudisha dipositi haikosi wapangaji.

Kama mbele ya ploti una duka au mkahawa wa kupangisha, jua kwamba sheria yake ni nyingine. Chini ya Sura ya 301, upangaji wa biashara usioandikwa, au wa miaka mitano kwenda chini, kwa kawaida hulindwa. Huwezi kupandisha kodi au kumtoa mpangaji bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na anaweza kulipinga jambo hilo mbele ya jopo la kodi za majengo ya biashara. Kwa nyumba za kuishi za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, kuna Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296.

Njia moja ya malipo

Mpangaji mzuri anaweza kuharibiwa na utaratibu mbaya. Leo anampa keyateka, kesho anatuma kwa laini ya mke wako, kesho kutwa anadai alilipa na huna la kumwonyesha. Chagua njia moja, Paybill au Till ya ploti, na kila mtu aitumie. Kwa Paybill, fanya nambari ya mlango kuwa nambari ya akaunti: A1, A2, B1. Pesa ikiingia unajua ni ya nani, hata ikilipwa na shangazi yake kutoka Kisumu.

Kanuni tatu za kulinda pesa yako:

- Usipeane funguo kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mpangaji. Meseji feki hutengenezwa. Angalia salio au rekodi ya akaunti yako kwanza.
- Dipositi na kodi ya kwanza ziingie zote kabla ya mizigo. "Nitamalizia Ijumaa" ndiyo mwanzo wa deni.
- Keyateka aonyeshe nyumba na kuripoti mabomba yanayovuja. Pesa isipitie mkononi mwake. Hilo linamlinda yeye pia.

Rekodi hizi zitakusaidia na KRA. Mkazi wa Kenya anayepata kodi ya nyumba za kuishi zaidi ya 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka hulipa ushuru wa mapato ya kodi. Tangu Januari 2024 kiwango ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyoingia, bila kutoa gharama, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Vyumba kumi vya 8,000 vikilipa vyote ni 80,000, kwa hivyo ushuru ni 6,000. Uweke kwenye hesabu zako unapopanga bei.

Mpangaji akichelewa

Hata mtu mzuri hupata mwezi mbaya. Siku ya kwanza baada ya tarehe, tuma meseji fupi: "Habari yako, B2. Kodi ya mwezi huu bado haijaingia. Kuna tatizo lolote? Nijulishe leo." Akijibu na kupendekeza siku, andikianeni: kiasi gani, tarehe gani. Anayetimiza ahadi ya 3,000 leo na 5,000 wiki ijayo bado ni mpangaji wa kutegemewa. Wa kuogopa ni yule anayezima simu.

Ikibidi kuachana, mpangaji wa mwezi kwa mwezi apewe notisi ya maandishi isiyopungua mwezi mmoja. Usiweke kufuli juu ya kufuli yake, usikate maji, using'oe mlango, wala usishike kitanda chake kwa nguvu zako. Ukifanya hivyo, anayedaiwa anageuka kuwa mlalamishi na wewe ndiye utakayejieleza kortini. Kuna njia za kisheria, zikiwemo korti na dalali mwenye leseni.

Na ukishampata anayelipa vizuri, mtunze. Bomba likivuja, tuma fundi wiki hiyo hiyo. Ukitaka kuongeza kodi, mjulishe mapema. Mtu aliyekaa miaka minne akilipa kwa wakati ana thamani kuliko nyongeza ya 500 itakayomfanya ahame na kukuacha ukitafuta upya.

Orodha ya kubandika ukutani

Kabla ya kupeana funguo, jiulize:

1. Nimeona kitambulisho chenyewe?
2. Najua pesa yake huingia lini, na tarehe yangu inapatana nayo?
3. Nimeongea na landilodi wa sasa na wa kabla yake?
4. Nimeona malipo ya kodi ya miezi sita, au nina mdhamini?
5. Mkataba umetiwa sahihi na picha zimepigwa?
6. Dipositi na kodi zimeonekana kwenye akaunti yangu?

Ukikosa jibu moja, funguo zibaki mfukoni hadi ulipate.